Likelemba ya Foto

Hapa Nkamira sisi ni watu tunaopigwa foto sana. Mgeni akija anapiga. Mradi ukifunguliwa tunapigwa, ukifungwa tunapigwa tena. Siku ya kuandikishwa unakaa mbele ya kamera na unaambiwa usicheke. Lakini fika mahali tunapolala, uliza, "Mama, una foto ya huyu mtoto alipokuwa mdogo?" Wengi watakuonyesha simu yenye kioo kilichopasuka, na wengine watakuonyesha mikono mitupu. Foto zetu zipo, ila zimekaa kwenye kompyuta za watu wengine.

Hiyo ndiyo sababu kikundi cha vijana ninachofanya nacho kazi hapa Nyakiriba kinatengeneza vitabu vya kumbukumbu. Kitabu cha kumbukumbu ni kaye unayobandika foto, barua, kipande cha kitenge, tiketi ya basi, na kando yake unaandika maneno: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona na watu wanapotea vilevile.

Kwa nchi za wenzetu kazi hii ni burudani, tena ya gharama. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, mama mmoja anaitwa Marielen Christensen alionyesha vitabu vya familia yake kwenye mkutano mjini Salt Lake City mwaka 1980. Watu wakauliza vifaa amevipata wapi, na mwaka uliofuata familia yake ikafungua duka. Leo kuna karatasi za maua, makasi ya kukata mawimbi, mihuri, vibandiko vya kung'aa. Mtu anaweza kumaliza mshahara kabla hajabandika foto hata moja. Lakini mama yule alianza na shida ambayo hata sisi tunayo: foto na karatasi za familia zinaharibika, sasa nifanye nini zidumu? Hayo mengine yalikuja baadaye.

Basi mimi nataka kuzungumza juu ya pesa, kwa sababu pesa ndiyo inayowafanya watu waseme "hii si kazi yetu, ni ya matajiri." Sheria yetu ni moja: lipa kitu ambacho hakiwezi kurudi, kingine chote okota. Kitu ambacho hakiwezi kurudi ni sura ya mtu na jina lake. Ua la karatasi utalikata hata kesho.

Hesabu yetu ni hii. Albamu ya dukani, nzuri, yenye jalada gumu, tuliulizia Gisenyi mjini tukaambiwa faranga 5,000, na inakuja ikiwa tupu. Sisi tulinunua kaye kubwa kwa 400. Foto moja ya kweli, ile ya sentimita 10 kwa 15, tulitoa kwa 500. Karatasi moja ya A4 ya rangi, ambayo tulipanga foto ndogo sita ndani yake, 300. Fotokopi mbili nyeusi, 100. Unga wa gundi, 100. Jumla 1,400, na kitabu tayari kina watu ndani. Bei zinapanda na kushuka, lakini angalia mahali pesa ilipoenda: zaidi ya nusu imeenda kwenye sura za watu.

Sasa, hata 500 ya foto moja si pesa ya kuokota njiani. Kijana anayesuka nywele au anayesaidia kuuza mandazi hawezi kuitoa mara moja. Hapo ndipo tulipofanya likelemba. Warwanda wanaita ikimina, Wakongo tunaita likelemba, jambo ni lilelile: kila mtu anatoa kidogo, mmoja anapokea, wiki nyingine mwingine. Tulikuwa vijana 12, kila mmoja faranga 50 kwa wiki. Hiyo ni 600. Tulitoa foto ya mmoja kwa 500, na 100 inabaki kwenye mkebe. Majina tulipiga kura, tukayaandika kwa zamu, wa 1 mpaka wa 12.

Mnajua likelemba inasimama juu ya kitu kimoja: kwamba watu wote watakuwepo mpaka mwisho. Hapa hakuna mtu anayeweza kuahidi hivyo. Nkamira ni kambi ya kupita. Mtu anasubiri, kisha jina linatoka, basi linakuja, familia inapelekwa Mahama, huko Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Waliopita hapa mwaka 2012 walipelekwa Kigeme, wengine baadaye Mugombwa. Mahali ni palepale, watu wanabadilika.

Wiki ya tano msichana mmoja wa kikundi alikuja akasimama mlangoni.

"Yaya, jina letu limetoka. Tunaenda keshokutwa."

Alikuwa namba 9. Wa zamu ile alikuwa kijana mwingine, ambaye alikuwa amekwisha kuchagua foto yake. Tuliketi. Wawili walisema haki ni zamu, tukivunja zamu leo kesho kila mtu atakuja na sababu yake. Mmoja akauliza swali gumu zaidi: "Akiondoka na foto, wiki saba zilizobaki hatalipa. Nani atalipa?" Hakuna aliyemkasirikia, maana ni swali la kweli. Likelemba nyingi zimekufa kwa sababu watu waliona aibu kuuliza swali hilo.

Tukachukua kaye, tukahesabu. Yeye amelipa 250, foto ni 500. Akiondoka tunabaki 11, tunakusanya 550 kwa wiki, foto bado inatoka. Kijana mwenye zamu ndiye aliyesema kwanza: "Mpatie. Mimi bado niko hapa." Msichana alitoa foto ya bibi yake aliyebaki Masisi, ile ambayo binamu alimtumia kwa WhatsApp. Aliondoka nayo.

Tangu siku ile sheria ikawa: anayeondoka anapokea kwanza. Wiki ya tisa ndugu wawili walitoka pamoja, ikabidi tutoe foto mbili kwa mara moja. Tulikuwa na 550 ya wiki na 650 kwenye mkebe, zikatosha, mkebe ukabaki na 200. Halafu tulikuwa tisa, tunakusanya 450, na kila wiki 50 iliyopungua tukaitoa mkebeni. Tulimaliza wiki ya 11. Foto 12 kwa watu 12, mkebe una faranga 100. Waliobaki mpaka mwisho walilipa 550 kila mmoja, yaani 50 zaidi ya bei ya foto. Niliwauliza kama wanaona wameibiwa. Mmoja akanijibu, "Yaya, hamsini ni andazi moja." Nimeandika hesabu yote hii kwa sababu vikundi vingine huwa vinaniuliza kama inawezekana katika mahali pa kupita. Inawezekana, kama mkebe unawekwa tangu wiki ya kwanza na hesabu inasomwa mbele ya wote.

Nije kwenye vile vya kuokota.

Karatasi ya mapambo tunayo kila siku mikononi. Sisi tuliotoka Goma tulizoea sashe. Ukivuka mpaka na sashe yako unaambiwa uiache. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Kwa hiyo sukari, mandazi, misumari, hata dawa, vinafungwa kwenye karatasi ya kaki. Watu wanatupa. Sisi tunakunjua, tunapangusa, tunaweka chini ya godoro usiku mmoja, asubuhi imenyooka. Rangi yake ya udongo inapendeza kuliko karatasi nyingi za dukani, na ukiandika juu yake kwa biki nyeusi inasomeka vizuri.

Lakini angalia: kaki na gazeti si marafiki wa foto. Zina asidi ndani, zinageuka njano na zinaiambukiza foto. Pamba nazo pembeni, na nyuma ya foto weka karatasi nyeupe. Hapa usibane pesa. Karatasi nyeupe moja inatosha foto nne.

Jalada ni boksi. Kata vipande viwili vinavyozidi kaye kidogo, funika kwa kitambaa kilichobaki kwa fundi wa nguo. Ukimwomba vizuri anakupa bure, vipande vidogo vya kitenge havimfai. Uzi wa kushonea tunachomoa kwenye gunia la mchele lililochakaa, tunasokota nyuzi tatu pamoja. Matundu tunatoboa kwa msumari.

Kabla hujabandika chochote, kata karatasi moja kati ya kila tatu za kaye, ila uache kipande cha upana wa kidole kwenye mshono. Usipofanya hivyo kitabu kitafura katikati na jalada halitafunga, kwa sababu kila unachobandika kinaongeza unene. Karatasi ulizokata zinakuwa za kuandikia majina.

Gundi ni unga wa ngano au wa muhogo. Kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, weka motoni bila kuacha kukoroga. Ikiwa nzito na kuanza kung'aa, toa. Tengeneza ya siku mbili tu, inachacha. Itumie kwenye jalada na kaki, kamwe si kwenye foto. Unga unaita mende na panya, na maji yake yanaikunja foto.

Foto haihitaji gundi kabisa. Weka foto juu ya karatasi, tia alama ndogo kwenye pembe nne, kisha kata mpasuko mshazari kwenye kila pembe kwa wembe. Ingiza pembe za foto ndani ya mipasuko. Inashika vizuri, na gharama yake ni sifuri. Halafu, na hili kwetu ni kubwa, siku unapoihitaji inatoka bila kuchanika. Kwa watu wengine albamu ni ya kuangalia Jumapili. Kwa mkimbizi foto inaweza kuitwa kazini wakati wowote: unaonyesha kwamba huyu ni mdogo wako, kwamba mlikuwa pamoja, kwamba mtoto huyu ni wa marehemu dada. Ukiibandika kwa gundi umeifunga.

Si maneno ya kutunga. Baada ya mwaka 1994, katika kambi za Goma, kulikuwa na maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo sana, hawajui jina la baba wala la kijiji. Karatasi yenye majina ingesaidia nini? Basi mashirika kama Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, UNICEF na UNHCR yaliwapiga watoto foto, na foto zikabandikwa mahali watu wanapoweza kuja kutafuta sura wanazozijua. Mama aliyekuwa hajui kusoma angeweza kusoma uso wa mtoto wake. Wakubwa wetu hapa wanakumbuka nyakati zile. Kwa hiyo mtu akikuambia foto ni starehe, mwambie kuna familia zilizorudiana kwa sababu ya foto.

Wasio na foto hata moja wafanye nini? Wapo wengi. Nyumba zimechomwa, simu zimenyang'anywa njiani, na kuna waliopoteza kila kitu hata kabla ya risasi, maana Nyiragongo iliteremka mjini Goma Januari 2002 na ikatoka tena Mei 2021. Kwanza, uliza ndugu walio mbali, Kampala, Nakivale, Marekani. Mara nyingi foto yako iko kwa mtu uliyemsahau. Akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili, si kama foto ya kawaida, maana ile ya kawaida inabanwa na ukiitoa kwenye karatasi inakuwa na ukungu. Pili, ukikosa kabisa, andika. Kijana mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya mikono ya baba yake: kidole kilichokatwa na panga, kucha zenye udongo, namna alivyokuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimeona foto nyingi katika kazi hii na sikumbuki iliyonionyesha mtu vizuri kuliko ukurasa ule. Gharama yake ilikuwa wino wa biki.

Kuna mambo manne ya kujilinda nayo, mnisamehe nikiyasema kama mwalimu.

Usibandike karatasi za asili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, karatasi ya kuandikishwa. Bandika fotokopi ya faranga 50. Za asili zishonee mfuko wa kaki nyuma ya jalada, zitoke na kurudi.

Usiandike kila kitu. Jina kamili na kijiji cha mtu aliyebaki kule, ambaye maisha yake bado yako hatarini, si mapambo ya ukurasa. Andika "mjomba", andika herufi moja. Wewe utamjua. Foto ya mtu mwenye silaha au nguo za jeshi, fikiria mara mbili kabla ya kusafiri nayo.

Ukitoa foto, kwanza lowesha kidole na ugusie pembeni ya karatasi. Rangi ikitoka, hiyo ni mashine ya wino wa maji, mvua moja tu itaimaliza. Uliza kama wana mashine nyingine. Na nyuma ya foto ya kweli andika kwa penseli laini bila kukandamiza. Biki inachora mpaka upande wa pili, usoni pa mtu.

Mwisho, maji. Rubavu ni nchi ya mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi hii, wengi wao katika jimbo hili la Magharibi. Majirani zetu wenyeji walipoteza watu na nyumba, na albamu zao vilevile. Basi kitabu kisikae chini. Kikunje ndani ya gunia la plastiki lililofumwa, kitundike juu. Kikilowa, usivute foto zilizoshikana. Ziloweshe kwenye maji safi ziachane zenyewe, zianike kivulini, uso juu.

Sasa nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Wengine wenu mmetuuliza mtuletee nini kwa ajili ya kikundi hiki. Tunashukuru. Tafadhali msituletee vibandiko vya nyota na moyo, vitaisha siku moja na wiki inayofuata vijana wataona kaki ni takataka. Kama mnataka kusaidia, kuna njia mbili. Ya kwanza, kila mkipiga foto ya mtu hapa, toeni nakala moja ya karatasi mumletee kabla jina lake halijatoka. Ni faranga 500. Mmemwomba ruhusa kuipeleka sura yake mbali, ni vizuri na yeye abaki nayo. Ya pili, msiombe vitabu hivi kwa ajili ya maonyesho au ripoti. Kama kijana anataka kukuonyesha, atakuonyesha mwenyewe, akiwa amekishika yeye. Kuna mgeni mmoja alisema kitabu cha msichana fulani ni kizuri mno, kingefaa kuwekwa ofisini. Msichana alikifunga, akakikalia. Nilielewa.

Na kwa vijana wenzangu: msisubiri kuwa na foto nyingi. Anza na kaye, andika jina lako ukurasa wa kwanza, andika majina ya walio pamoja nawe leo. Usijaze yote. Acha kurasa kumi za mwisho zikiwa tupu, za kule unakokwenda, kwa sababu huko nako utapata watu na hutakuwa na pesa ya kaye nyingine mara moja. Yule msichana wa Mahama alitutumia ujumbe kwa simu ya mama yake. Anasema ameanzisha likelemba huko, wako saba. Kwa watu saba, hamsini hazitoshi, wamekubaliana 75. Nimepiga hesabu: 525 kwa wiki, foto inatoka, mkebe unabaki na 25. Nimemwandikia kwamba mkebe huo ni mdogo sana, waongeze kidogo, maana hata huko watu huondoka.